Kona Niliyoifuta

Jumatatu, 3 Machi

Faili la nne leo limekataa. Tangu saa mbili nahamisha umbo la kishikio cha tela kutoka kompyuta ya Mzee Kaaya, mchoraji wetu, kwenda kompyuta ya Injinia Massawe, ile inayopima kama chuma kitahimili mzigo. Diski mkononi, meza hadi meza. Programu mbili, hazielewani. Umbo likivuka, nyuso zake zinaachana, nyufa nyembamba kuliko unywele, na programu ya kupima inasema hiki si kitu kimoja. Kazi yangu ni kuziba nyufa. Cheo: karani wa michoro. Nina kidato cha sita na cheti, na bado natokwa jasho kila skrini inapoandika kosa.

Saidi, fundi wa kuchomea, alichungulia dirishani. "Dada kompyuta, mashine imesusa tena? Ichemshie chai."

Nilicheka. Sikufurahi.

Jumanne, 4 Machi

Nyufa zote ziko sehemu moja. Pale kibao cha chuma kinapokutana na bomba la kuvutia tela, Mzee hakuacha kona kali, aliilainisha kwa mviringo mdogo wa milimita sita. Huo ndio unaopasuka kila ukivuka. Nimejaribu mara tisa.

Kitabu cha programu kinaruhusu kufuta vitu vidogo visivyobeba mzigo. Injinia anataka majibu kesho asubuhi, mwenye kiwanda anakuja. Nimeufuta mviringo. Kona sasa ni kali kama ya sanduku. Faili likaingia mara moja.

Kwenye fomu ya kukabidhi faili kuna mstari: umbo limehamishwa bila mabadiliko. Nikatia sahihi.

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Niliogopa.

Jumatano, 5 Machi

Kona ni nyekundu. Nyekundu maana yake chuma kitapasuka.

Injinia aliwaita mwenye kiwanda na Mzee Kaaya mbele ya skrini. Mzee alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Kishikio hiki nakichora tangu kiwanda kikiwa cha serikali," alisema. "Tela zake zinabeba maji kule Oldonyo Sambu mpaka leo. Hakuna iliyokatika."

"Mzee wangu, zamani hatukuwa na cha kupimia," Injinia akamjibu. Kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyouma.

Mwenye kiwanda aliandika kitu kwenye kidaftari chake. Sote tunajua orodha ya kupunguza watu inaandaliwa. Tela za nje zinaingia nchini zikiwa na rangi mpya, na sisi tumekuwa wengi mno.

Nilisimama nyuma yao na kalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee amepewa barua. Akae nyumbani mpaka uamuzi utoke. Alikunja koti lake la kazi vizuri, akaliacha juu ya kiti. Karakana sasa wanamwita Mzee Kona. Saidi pia.

Nikisema, nimetia sahihi uongo. Mimi ndiye mgeni kuliko wote hapa, nitatangulia kwenye orodha. Baba kule Moshi ameshawatangazia usharika mzima kwamba binti yake anafanya kazi ya kompyuta.

Nikinyamaza, watachora kishikio kinene zaidi. Hakuna atakayeumia. Nimeliandika hili nione linavyoonekana.

Linaonekana vibaya. Kuna mtu ameshaumia.

Jumamosi, 8 Machi

Injinia yuko msibani Machame. Nimeigusa mashine yake bila ruhusa.

Safari hii sikuziba nyufa. Niliacha kona kali iingie, kisha nikauchora mviringo upya upande huu, ndani ya programu ya kupima yenyewe. Milimita sita, kama Mzee alivyoandika. Ilichukua nusu saa. Nusu saa tu!

Nikapima. Nyekundu hakuna. Njano kidogo, kijani, bluu, yaani chuma kinahimili. Nimechapa majibu, nakala mbili.

Shangazi ninayekaa kwake ameniuliza mbona siongei. Nimesema kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada Kimandolu nimepanda hadi Akheri, nyumbani kwa Mzee. Nimeuliza njia mara tatu. Mzee alikuwa amekaa kando ya migomba, ubao magotini, karatasi zimejaa hesabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umetumwa na barua nyingine?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimpa nakala moja. Aliifuata kona kwa kidole.

"Uliifuta kona yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukatia sahihi."

"Ndiyo."

"Siku nne natafuta kosa langu," alisema. "Nimerudia hesabu za kila tela niliyowahi kuchora. Wateja wengine hata sura zao nimesahau."

Mkewe akaita kutoka jikoni, "Nilikwambia ule, Baba Aminieli! Mkaribishe mtoto."

Nililetewa loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Niliiweka chini. Nilitaka anitukane. Aliniambia tu, "Kesho utasema kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema. Saa mbili na nusu, kabla ya chai, mlango ukiwa wazi, Saidi akisikia.

Injinia aliweka karatasi mbili pamoja, yenye nyekundu na isiyo nayo. Masikio yake yalibadilika rangi. "Dada, ulitia sahihi."

"Ndiyo."

"Na mimi sikulinganisha na mchoro wake," akasema, polepole, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akafunga mlango, akampigia simu mwenye kiwanda.

Nimepewa barua ya onyo la mwisho. Mzee ataitwa arudi. Orodha bado haijatoka na sikuthubutu kuuliza kama jina langu limo. Baadaye nikasikia njaa, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mlima Meru hauonekani.

Mzee alirudi Alhamisi. Anaitikia salamu yangu. Faili lake likivuka, anakuja kusimama kando yangu, ananusa tumbaku.

Leo amechora bawaba ya mlango wa nyuma wa tela. Kitu kidogo. Siku zote huichora kwa bati la milimita sita. Leo ameandika kumi na mbili. Saidi aliuona mchoro mezani. "Mzee, huu mlango ni wa tela au wa gereza?" Mzee hakucheka, na Saidi akaondoka taratibu.

Faili liliingia mara ya kwanza. Sikufuta kitu. Injinia akanipa kiti chake nipime mwenyewe. Bluu tupu, kila upande.

Mzee aliinama karibu na skrini. Akaniuliza kama nina uhakika.

Nikasema ndiyo.

Akaniomba nipime tena. Nikapima tena.