Saba na Nane za Kopa

Mwangaluka, dada Kabula! Bariadi jua linachoma, mvua bado. Mashindano ya poka yameanza, na chipu zetu za kuwekea dau ni punje za dengu. Asubuhi kila nilipogawiwa kopa mbili ndogo, nilimwaga dengu nyingi nikingoja kopa nyingine tatu zifunguliwe mezani, maana kopa tano hushinda karibu kila mkono. Hazikuja, nikabaki na kiganja kimoja tu cha dengu. Mpinzani wangu, mama mmoja mkulima wa pamba, akacheka: "Kijana, mvua haijanyesha nawe umepanda shamba lote kwenye vumbi? Sisi tunajaribu kona moja." Nilikasirika, maana ndiyo kauli yako kila msimu.

Nikakaza roho. Nikipata kopa mbili, natoa punje mbili. Wenzangu wakipandisha dau, natupa karata. Nilitupa mara nne. Mara ya tano nilishika saba na nane, na mezani zikafunguka kopa tatu! Yule mama, aliyewaamini wafalme wake wawili, aliniachia dengu zake zote na mkono wa pongezi.

Kesho fainali, na sibadiliki. Nawe usipande zaidi ya ile kona mpaka mawingu yafike huko nyumbani Mwamanyili. Nakuombea mvua kuliko ninavyojiombea kopa.

Mdogo wako, Masanja