Finjani ya Tatu

Kwa jina la Mola ajuaye waliko waja wake. Dada yangu Mwanaidi, assalamu alaikum.

Hapa Toronto theluji haijakoma. Baada ya swala ya Ijumaa nilikaribishwa kahawa na Mzee Emir, mtu wa Bosnia, nchi ya milima ya misonobari na madaraja ya mawe ya enzi za masultani. Vita vilimtoa huko. Nduguye hajulikani aliko.

Tulikuwa wawili, akamimina finjani tatu.

“Mzee, hesabu imekupotea?” nikamtania.

“La. Kwetu finjani ya ziada ni ya aliye njiani.” Akaitazama hata ikapoa.

Dada, majirani wakikushauri ukiondoe kikombe cha mwanao Salimu, aliyesafiri asirudi, usikiondoe. Mola aibariki nyumba yako, na amjaalie kila aliye njiani abishe hodi.

Kakako, Athumani