Mabamba ya Babu na Fisi Mlinzi

Nyumbani, chumba cha uani
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kifua chako kimepoa? Huku mama anakula na anatembea. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kaka, kaa chini kwanza. Baba Mkubwa hatunaye. Tulimzika Ijumaa; hatukukupigia simu kwa ajili ya kifua chako.

Unayakumbuka yale mabamba sita ya shaba ya kuchapia aliyoyachonga babu, yenye hadithi ya mbuzi waliomkabidhi fisi zizi lao? Yalikuwa stoo ya kiwanda cha uchapaji, na Baba Mkubwa, fundi wa pale tangu ujana wake, aliyapaka mafuta kila mwezi kama anayeogesha mtoto mchanga. Meneja mpya alipoyaona akasema ni vyuma chakavu, yakayeyushwe.

Funguo za stoo nilikuwa nazishika mimi. Akaniambia, "Fungua, tunayapeleka kusafishwa." Nilijua anadanganya. Lakini kazi yangu ilikuwa mkononi mwake, kaka. Nikafungua. Fisi nimemkabidhi bucha mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Baba Mkubwa alipopata habari alikimbia, na miguu yake ile, hadi kwenye karakana ya kuyeyushia. Matano yalikuwa yameshakuwa uji. Moja lilikuwa mdomoni mwa tanuri. Akalivuta kwa mikono mitupu. Vidonda vikaingia sumu. Alikaa hospitali siku kumi na moja.

Nilimweleza ukweli pale kitandani. Nilitamani anitukane.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilijua, Baba."

Akageukia ukutani. Hakunisemesha tena mpaka alipokata roho.

Bamba lililosalia ni la kwanza: fisi amevaa kofia ya mlinzi, mbuzi wanacheka. Lile la mwisho, lenye funzo chini yake, limekwenda. Mama na shangazi wanabishana lilisemaje. Hakuna anayelikumbuka neno kwa neno.

Kazi nimeacha. Jumapili ukoo unakutana, na mpaka sasa wote wanamlaumu meneja peke yake. Nitasimama niseme mwenyewe. Tafadhali usipige simu kunitetea. Wakinifukuza, wana haki.

Msalimie wifi. Na yule mwanao mwenye jina la Baba Mkubwa, mkumbatie kwa niaba yangu, usimwambie kwa nini. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hata kama wewe hutaweza tena,
Kasuku