Moyo Yangu Inapiga Sawa Sana

Mama Moraa,

Lala tu, usiamke. Ni mimi. Nimekaa hapa kando ya kaburi yako na kalamu ya mkopo. Mgongo imekataa kuinama, kwa hivyo naandikia kwa goti.

Ng'ombe imezaa, ni dume. Kuku zako nimekula mbili, nisamehe. Mgongo ndio shida. Tangu uende sina mtu wa kunikanyaga. Unakumbuka Jumamosi, nikitoka soko ya Daraja Mbili kupakia ndizi, nalala kwa mkeka, wewe unashika ukuta unatembea juu yangu na miguu yako yote mbili. Mimi nalia kama mbuzi. Unasema, "Nyamaza, watu wanapita." Asubuhi naamka mzima.

Sasa shingo imekauka kama kuni na jioni kifua inabana. Nilifanya kosa nikamwambia Moraa kwa simu. Mtoto yako ni kama wewe, haombi, anaamuru. Akasema, "Baba, uko peke yako. Nenda upimwe moyo. Ikiwa sawa, kaa Manga. Ikiwa mbaya, unakuja kukaa na mimi Nakuru." Mimi Nakuru nitafanya nini? Nikae ghorofa naangalia mabati ya watu? Na wewe nikuachie nani hapa?

Basi nikaenda Kisii kwa wale madaktari wa mikono. Hawana sindano, hawana dawa. Wanashika shingo, mgongo na mbavu polepole, alafu wanapima kama moyo imeskia. Nikapata msichana mpole. Akasema toa shati. Akanifunga mkanda kwa kifua, akasema lala dakika tano. Hiyo mkanda inatuma mapigo ya moyo kwa simu yake.

Akaangalia simu, akasema, "Mzee, moyo wako unapiga sawasawa sana." Nikasema asante Yesu, nimebaki Manga. Akasema hapana, hiyo si nzuri. Ati moyo ya mtu mwenye afya inabadilisha mwendo. Ukivuta pumzi inakimbia kidogo, ukitoa inapunguza. Nafasi kati ya pigo na pigo haifanani. Yangu zote zinafanana, kama askari kwa gwaride. Ati ni mwili imekaza, imekataa kupumzika. Mama Moraa, maisha yangu yote naambiwa ninyooke. Siku nimenyooka, ni ugonjwa.

Akanilaza kifudifudi, uso kwa ile shimo ya kitanda. Akashika shingo. Mikono laini, si kama nyayo zako. Nikaanza kuskia usingizi. Alafu akauliza, "Nyinyi ni wa Manga wapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Unajua Mzee Ondieki?" Nikasema huyo ni ndugu yangu, baba zetu walitoka tumbo moja.

Mikono ikasimama.

Kumbe ameolewa na kijana ya Ondieki. Ile harusi ya Nyaramba yenye hatukuenda, ulikuwa mgonjwa. Sasa huyo ni mke wa mtoto yetu, na mimi niko hapo bila shati, amenishika shingo. Unajua chinsoni zetu, zile sheria za heshima. Baba mkwe na mke wa mtoto hata kuketi kiti moja ni aibu. Hii sasa ni nini? Yeye akageukia ukuta. Mimi nikaongea na sakafu. Akasema, "Tata, baba yangu, nisamehe." Nikasema, "Hakuna neno, mama." Hapo simu yake ikaanza kulia pi pi pi. Moyo ilikuwa imetoka gwaride, inakimbia.

Nikavaa shati nikiwa njiani. Kufika Daraja Mbili natoa shati tupakie lori, Nyambane, yule tunabeba ndizi na yeye, akaniangalia sana. Akasema, "Mzee, tangu lini unavaa sidiria?" Kumbe mkanda bado iko kifuani. Soko yote ilicheka. Wamama wa ndizi wakauliza saizi.

Ilibidi nirudishe. Nikapata mkubwa wao, Mkamba wa Machakos. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Alafu akasema yeye na mimi hatuna ujamaa popote, nilale. Mke wa mtoto akaenda nyuma ya pazia na simu, asome moyo bila kuniona. Na hataki kuongea na mimi moja kwa moja. "Daktari, mwambie tata avute pumzi." Daktari anasema, "Anasema uvute pumzi." Mimi nasema, "Mwambie nimevuta." Nusu saa hivyo, na sisi wote tuko kwa chumba moja ndogo kama ile choo yetu.

Mkamba akaweka mikono chini ya kichwa, akakaa tu, hafinyi. Nikadhani amelala yeye. Kumbe ni mimi. Nilikoroma, Mama Moraa, na mke wa mtoto akiskia. Nikaamka uso iko na maji. Daktari akanipa kitambaa. Pazia ikasema, "Daktari, mwambie tata sasa moyo inacheza vizuri."

Nimeenda mara nne. Kila mara nikishuka kitanda, inacheza. Nikauliza Mkamba, ni mikono yako? Akasema hawezi kuapa. Pengine ni mikono, pengine ni kulala tu kama kuna mtu karibu. Ati hata wenye wamesoma sana bado wanabishana. Nilimheshimu hapo.

Wakanipa mkanda nikae nayo wiki moja, wakaiunganisha na simu yangu, nipime kila jioni nyumbani. Nikiingia, naweka sahani moja mezani, naangalia kiti yako. Napima. Gwaride. Siku ya pili, gwaride. Siku saba zote.

Ningemdanganya Moraa. Ningesema tu ile ya Kisii, na si uongo. Nilikaa na hiyo maneno siku mbili, haikushuka. Nikampigia. Nikasema, nikiwa na watu inacheza, nikiwa kwa nyumba yetu inakaza. Akasema, "Baba, hapo si moyo ndio mgonjwa." Nikasema najua.

Kwa hivyo Jumatatu naenda Nakuru. Nilitaka uskie kwangu, si kwa Nyambane. Ng'ombe na ndama ziko kwa Ondieki. Mke wa mtoto atakuwa anakuja kung'oa nyasi hapa kwako. Mimi nikiwa mbali ataingia bila aibu. Mpokee vizuri.

Desemba nitakuja na karatasi mpya ya moyo, nikusomee. Ikiwa nzuri utajua. Ikiwa mbaya pia utajua, sitaficha. Na usifikirie nimekuacha, Mama Moraa. Nimeenda tu kukaa na watu.

Mume wako,
Baba Moraa