Sahani ya Bi Rosa

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Napoli. Sisi hapa London wazima, na babu yako kikohozi kimempungua.

Umeniuliza kwa nini mwenye nyumba wako alinuna ulipovunja tambi. Nimecheka peke yangu. Mwaka wetu wa kwanza hapa, tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi, jirani wa chini, Bi Rosa, Mtaliano, alituletea keki ya lozi katika sahani yake. Kwetu sahani hairudi tupu. Sikukuu ilipofika nikampikia tambi za mama: nikazivunjavunja, nikazikaanga, nikatia sukari, tui na hiliki.

Alipofunua akashika kichwa. "Umezivunja? Na sukari? Kwetu tambi hazivunjwi!"

Nikataka kuibeba sahani nipande nayo juu. Akanishika mkono, akaketi, akala. Kisha akasema, "Mama yangu naye alikuwa harudishi sahani tupu."

Basi wewe mpikie mwenye nyumba wako, na uzivunje vilevile.

Sahani ile ilipanda na kushuka ngazi miaka mingi. Sasa iko kabatini kwangu. Bi Rosa alifariki zamu ya kuirudisha ikiwa yangu.

Akupendaye,
Bibi