Nimemvua Mbwa Koti, na Watoto Wanarudi Bwawani

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na tafadhali usicheke, maana hapa Ruiru nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni mtu wa makamo, kwetu ni Ngoliba ambako maji ni ya kunywa, si ya kuingia, lakini katika shamba hili la kahawa nimepewa kazi ya kutunza mbwa wa majini, mweusi, mkubwa kama ndama, jina lake Kaptani, ambaye huwavuta watoto wa bwana wakizidiwa bwawani, na memsahibu anamwamini hata hufuma sweta bila kuinua macho. Sasa bwana alipokuwa akienda Mombasa na mkewe na watoto, mpaka Jumapili hiyo, aliniambia kwa Kiswahili chake, "Mbaluka, wewe toa koti ya chini, iko kufa. Na weka yeye kondishoni mzuri." Nikasema ndiyo bwana, nilivyozoea. Kwetu ng'ombe mwenye kondishoni ni yule aliyenona, basi nikamlisha ugali na mafuta ya ng'ombe mpaka mgongo ukawa kama meza, na habari ya koti nikaitafakari sana, nikaona ni heri kutoa lote kuliko kubakiza lililokufa, nikaazima mkasi wa kondoo, nikamnyoa manyoya yote. Gerishon, dereva wa trekta, alipotuona alizima injini makusudi. "Pole, mzee," akasema. "Mbwa amefiwa na nani?"

Jua likamchoma ngozi, mke wangu Syokau akaniambia, "Umemvua, mvishe," akamshonea koti la gunia, na juzi Kaptani akaona bata, akaruka bwawani na gunia lake, gunia likanywa maji, akaanza kuzama, nami nikaingia kumwokoa bila kukumbuka kwamba sijui kuogelea. Bahati kamba ya gunia ilikatika, naye aliponiona akadhani mimi ndiye niliyezidiwa, wala hakukosea, akaling'ata koti langu akanivuta mpaka kwenye matete, kisha akalala hapo akihema kama mashine ya posho, hakuinuka mpaka jua lilipopoa. Na watoto hao wakishuka garini hawaingii nyumbani, hukimbilia bwawani. Gerishon ananishauri niseme ni upele. Syokau anasema twende Ngoliba kabla hawajafika. Nifanyeje?

Mbaluka, Ruiru

Ndugu Mbaluka,

Ulinikataza kucheka. Nimejaribu, nimeshindwa, pole. Sasa sikiliza.

Mbwa wa namna hiyo ana manyoya mawili. Ya juu ni marefu, yana mafuta, hayapitishi maji. Ya chini ni laini kama pamba, nayo hutunza joto lake majini. Hayo laini yakifa hutolewa kwa kitana. Kitana, Mbaluka. Ulichokata ni koti la mvua, blanketi na mwavuli wa jua kwa pamoja, na huenda ukapita mwaka kabla havijarudi, tena pengine visirudi kama vilivyokuwa.

Na kondishoni ya ng'ombe ni ya kwenda buchani. Kaptani haendi huko. Kondishoni yake ni pumzi na misuli: ukimpapasa ubavuni, vidole vikute mbavu bila kuzitafuta. Kwa hiyo punguza ugali, acha mafuta, mtembeze asubuhi kabla ya jua kukolea, mchana akae kivulini. Gunia lirudi kwa kahawa. Majini aingie kidogo kidogo, hapo ukingoni, akiwa na kamba ndefu.

Upele ni uongo wa kijinga. Bwana atampaka dawa, na watoto wataingia bwawani vilevile. Kutoroka ni vibaya zaidi, kwa sababu nani atabaki langoni kuwazuia?

Utabaki wewe. Jumapili simama langoni ukiwa umevaa koti lako lilelile lenye alama za meno, uanze na memsahibu, kwani yeye ndiye wa kuweka sindano chini. Mwambie mbwa hawezi kazi, mtoto asiguse maji, na ni wewe uliyesababisha. Mwonyeshe koti. Huenda ukafukuzwa. Kazi nyingine zipo Thika; mtoto akizama, hakuna Thika ya kumtafutia mwingine.

Na wakikubakiza, jifunze kuogelea. Kaptani amefanya zamu yako mara moja, inatosha.