Shingo Iliyomkodolea Mkwe Macho

Kijijini Bisibo, Biharamulo

Kabula anaolewa, dada, na ng'ombe wamekwishakubaliwa.

Sasa ndiyo shikamoo. Mguu wa shemeji umepona? Huku binti yangu na mimi tu wazima, ila shingo yangu nusura ivunje hiyo ndoa.

Mkwe wetu ni Filbati wa Bugarama. Amerudi salama kutoka vitani Uganda, mrefu mpaka anainama mlangoni kwangu. Mabinti wa wenzangu wanaposwa na watu wa huku huku. Wangu kafuatwa kwa basi mpaka Nyakanazi, kisha kwa miguu mpaka hapa.

Wiki ya wageni kuja, niliamka shingo imekakamaa, uso umeelekea kushoto, haurudi. Mganga wa zahanati akauliza, "Mama, unabeba mizigo kichwani?" Nikamwambia nabeba maji, na shamba la kijiji nalima kushinda wanaume wawili. "Na unalalia nini?" Nikasema kitanda. Akaniambia niache ndoo na jembe, nipumzike. Nikapumzika, shingo ikazidi.

Wageni wakafika. Unajua mkwe hatazamwi usoni. Nikakaa pembeni uani, karibu na jiko, kumbe kijana kawekwa kushoto kwangu, namwona mpaka vifungo vya shati. Nikageuza kigoda. Naye kwa adabu akahama, akaangukia palepale uso wangu ulipohamia. Tukazungushana hivyo mpaka akaishia migombani.

Baba yake mdogo akachukua fimbo yake. "Twendeni. Mama anayemkodolea mkwe macho hivi, kesho atamfuata mpaka chumbani."

Kabula ndiye aliyepiga magoti. "Baba, si dharau, ni shingo. Mama analalia mito mitatu."

Ile ya pamba uliyonishonea. Nani mwingine kijiji hiki anayo? Na mtu mwenye mitatu atalaliaje mmoja?

Mzee akaegemeza fimbo ukutani, akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi sisi tutaleta ng'ombe tu. Mito mnayo."

Sasa nalalia mmoja, ule mwembamba, na shingo inageuka kote. Jirani yangu mama Tereza anasema inageuka zaidi nikipita kisimani, nitazame nani amesikia habari za harusi. Mwache. Mito miwili nampa Kabula.

Msalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea, na kaka yetu Masanja, mwambie ngoma yake asiiache. Mimi mdogo wako, mama wa bibi harusi, nawangoja wote, pasibaki mtu nyumbani: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.